Kadi yangu ya njano "imekufa" 2019 na nina miaka 69: nichomwe tena hapa Lubumbashi?

MzeeCherehani

Habari za humu ndani, ndugu zangu. Nina maneno mengi kidogo, mwenye haraka apite tu, sitakasirika.

Mimi ni Mtanzania wa Kigoma, fundi cherehani hapa komini ya Kenya (Kenya ya Lubumbashi, Kongo, si ile ya Nairobi, maana kuna ndugu zangu nyumbani hadi leo wanauliza nilifikaje huko). Nimezeekea hapa. Karatasi za ukaaji ziko sawa, kibanda nalipia, na wajukuu wengine wananijibu kwa Kifaransa nikiwasemesha Kiha. Sasa nina harusi ya mjukuu Mbeya, na mimi ndiye wa kukaa kwenye mkeka wa mahari. Kutokwenda hakupo. Njia ni Kasumbalesa, nikate Zambia yote mpaka Nakonde, nitokee Tunduma.

Tatizo ni kadi ya njano. Nilichanjwa homa ya manjano Kigoma mwaka 2009. Kadi ninayo, ina mhuri, ina saini, haijalowa wala kuchanika. Ila pale panapoandikwa inatumika mpaka lini pameandikwa 2019. Nikaenda hospitali moja hapa mjini, jina naliacha. Kijana wa dirishani aliigeuza mara moja, akaona ile 2019, akanirudishia: "Papa, hii imekufa. Ulipe, upigwe ingine." Nikamwambia mwanangu, mimi nina presha, vidonge kila asubuhi, na umri ndio huu, hakuna neno? Akanijibu sindano ni sindano. Hapo nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Naomba mnieleze. Kweli imekufa? Na mzee wa miaka 69 anachomwa hivihivi bila kuulizwa lolote? Halafu sisi wageni tunalipa sawa na wenyeji, au ndio tunaonekana tuna dola?

Kijana_Katuba

Papa, usiteseke bure. Kuna watu wanauza kitabu kipya kabisa, mhuri tayari, jina lako wanaandika hapohapo. Hata shati huvui. Harusi ni harusi.

Msimamizi

Nimefuta majibu yaliyotaja bei za kadi za kununua na namba za simu. Kadi za bandia hazijadiliwi humu. Endeleeni na mada.

Chofa_wa_Tunduma

Papa Cherehani, jambo sana. Miye niko chofa ya kamyo, Kasumbalesa mpaka Tunduma njo shamba yangu. Batu ba mupaka habana wakati ya kusoma yote. Banafungua kitabu, banaangalia tarehe, banaangalia sura yako. Tarehe ikipita banaanza kukuzungusha. Lakini kuko bengine banajua sheria muzuri, bale habakusumbue hata dakika. Mungoje mama nesi aingie humu, yeye njo anajua hii mambo.

NesiMstaafu

Nimeingia. Papa Cherehani, bonjour na pole kwa kuzungushwa.

Kadi yako haijafa. Mwaka 2014 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulibadilisha kifungu cha Kanuni za Afya za Kimataifa kinachohusu homa ya manjano, na badiliko likaanza kazi tarehe 11 Julai 2016. Zamani cheti kilidumu miaka 10. Tangu siku hiyo kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa. Na badiliko halikuwahusu watakaochanjwa baadaye peke yao, linazifuata hata kadi zilizokwisha kutolewa. Nchi iliyofungwa na kanuni hizo hairuhusiwi kukataa kadi yako kwa sababu miaka 10 imepita, wala kukulazimisha uchomwe nyingine. Kongo imo, Zambia imo, Tanzania imo.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wanaharibu. Usikubali mtu yeyote, hata awe nesi mwenye nia njema, akate ile 2019 kwa kalamu na kuandika "maisha" juu yake. Kadi yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza kwamba marekebisho yoyote au kufutwafutwa kwa maandishi kunaweza kuibatilisha. Kadi nzima uliyonayo ina nguvu kuliko kadi iliyosahihishwa. Iache na 2019 yake.

Swali la umri ni swali zuri na yule kijana wa dirishani alipaswa kulijua. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ni ya zamani kuliko sisi wote humu: Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, aliitengeneza miaka ya 1930 akapewa Nobeli mwaka 1951, na hadi leo inakuzwa ndani ya mayai ya kuku. Kwa watu walio wengi ni chanjo salama na dozi moja inatosha. Lakini kwa anayechanjwa mara ya kwanza akiwa amevuka miaka 60, madhara makubwa, yale ya ini na figo kushindwa au ubongo kuvimba, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Yanabaki machache sana. Yale ya viungo vya ndani kwa watu wote kwa jumla hayafiki mtu 1 katika 100,000, na kwa walio kwenye miaka ya sitini yanakaribia au kupita kidogo 1 katika 100,000. Ni kidogo, ila si sifuri, ndiyo maana mzee hapelekwi kwenye sindano moja kwa moja kutoka dirisha la malipo. Anakaa kwanza na daktari, wanapima: anakwenda wapi, ugonjwa upo huko au haupo, mwili wake ukoje.

Presha haizuii. Kisukari kilichotulia hakizuii. Vinavyozuia ni vingine: mzio mkali wa mayai, kinga iliyoporomoka (VVU vyenye CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, chini ya 200, dawa za saratani, steroidi za dozi kubwa), na ugonjwa wa tezi ya thaimasi, ile tezi ya kinga iliyo kifuani, au kuwahi kuondolewa tezi hiyo. Hili la thaimasi huwa halitajwi kabisa kwenye mabenchi yetu, ingawa lipo kwenye orodha kila mahali.

Wewe ulichanjwa 2009. Baki na kadi yako.

MzeeCherehani

Mama, Mungu akuweke. Umenipa pumzi. Lakini niseme ukweli wangu: mimi kwenye kaunta ya mpaka nitakuwa mzee mwenye begi na kofia mkononi, na yule kijana atakuwa na mhuri. Akisema hapana, nimtajie 11 Julai 2016?

Kijana_Katuba

Ndiyo hapo sasa. Haki unayo, lakini basi linaondoka. Mimi bado nasema achomwe tu apate kadi mpya yenye tarehe mpya, yaishe. Mara hii siongelei ya kununua, msimamizi usinifute.

NesiMstaafu

Kijana, safari hii hujakosea sana. Madhara makubwa niliyoyataja yameonekana karibu yote kwa wanaochanjwa mara ya kwanza, kwa hiyo dozi ya pili kwa mtu kama Papa si ya kutisha vile. Kinachonikera ni kumchoma mzee dawa asiyoihitaji kwa sababu karani hajasoma karatasi. Leo kadi, kesho nini? Na kadi mpya itasomwa kama ya mtu aliyechanjwa mara ya kwanza, maana yake inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Akichomwa kesho halafu akapanda basi keshokutwa, atasumbuliwa vilevile, safari hii wakiwa na sababu.

Chofa_wa_Tunduma

Papa, miye nitakuambia vile tunafanyaka. Ukifika, musibishane na mutu wa pasipoti. Yeye kazi yake ni visa na sura. Omba muzuri, bila kelele, kuona mutu wa afya ya mupaka. Kuko kiti chake pale, hata kama yuko anakunywa chai. Yule njo anajua mambo ya kadi. Niliona siku moja mama mumoja muzee kwenye basi, kadi yake ilikuwa ya zamani kabisa, banamukatalia. Yeye hakulia, hakutoa feza. Alitoa karatasi ya Kifaransa na ya Kingereza yenye ile sheria, akaiweka juu ya meza, akaikaa. Akaikaa tu! Basi ilingoja. Mukubwa wao akakuja, akasoma, akapiga muhuri. Mpaka gani sitaji, niko na kazi.

Mkwe_wa_Ndola

Shikamoo mzee, na shikamoo mama nesi. Naomba nijibanze humuhumu badala ya kufungua uzi mwingine.

Mimi naishi Ruashi na mume wangu ni Mzambia. Mama mkwe tunaye hapa siku nyingi, ana kibali cha ukaaji, ana miaka 66. Huyu hajawahi kuchanjwa homa ya manjano maishani mwake, amekuwa akivuka kwa huruma za watu na mara nyingine kwa soda. Sasa anataka kwenda Ndola kuona dada yake mgonjwa. Ana baridi yabisi, vidole vimepinda, anatumia prednisolone na methotrexate. Tulikuwa tumepanga kumpeleka akachomwe wiki hii. Nimesoma hapo juu nikasimama.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Umesimama mahali pazuri. Usimpeleke akachomwe kabla daktari anayempa hizo dawa hajaziona zote kwa pamoja mezani. Mzee aliyevuka 60, dozi ya kwanza, juu ya dawa zinazobana kinga: hayo matatu yakikutana, chanjo ya virusi hai si ya kujaribu. Prednisolone ya miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki 2 au zaidi, inahesabiwa kuwa dozi ya kubana kinga, na methotrexate nayo ina uzito wake. Na tafadhali asije akaziacha dawa mwenyewe siku tatu nne "ili apate kuchanjwa". Nimeyaona hayo. Kinga hairudi kwa siku nne, viungo ndivyo vinavyowaka.

Kanuni hizohizo zimemfikiria mtu kama yeye. Daktari akiona chanjo itamdhuru, anaandika cheti cha kueleza sababu, kwa Kifaransa au Kiingereza, na saini yake. Kwa Ndola aombe kwa lugha zote mbili. Hiyo ni barua ya kumwombea aeleweke, si kadi. Wenye mpaka wanatakiwa kuizingatia, lakini bado wana haki ya kumfuatilia afya yake, hata kumweka chini ya uangalizi kwa siku 6, kwa kuwa ndizo siku ambazo ugonjwa unaweza kukaa mwilini kabla ya kujitokeza. Mara nyingi wanaishia kuandika anakokwenda na kumwambia akipata homa aripoti.

Na kwa kuwa atasafiri bila kinga, asiumwe na mbu. Huyu wa homa ya manjano, Aedes, anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimtoshi. Mikono mirefu, soksi, dawa ya kujipaka.

Mkwe_wa_Ndola

Asante sana mama. Hili la kuacha dawa siku nne, nakuapia, shangazi wa mume wangu alikwisha lipendekeza jana usiku.

MrundiKampemba

Amahoro kwa wote. Mimi ni Mrundi, miaka 63, nafanya biashara ya vipuri hapa Kampemba. Kisa changu ni cha namna nyingine na nadhani kuna wengine wenye kisa hiki bila kujua.

Mwaka 2016 nilikuwa Kinshasa ule mwaka wa homa ya manjano iliyotokea Angola. Agosti wakachanja mji karibu wote, nami nikapanga foleni nikachomwa, nikapewa kikaratasi. Miaka yote nimekuwa nikijua mimi nimemaliza. Juzi nilitaka kwenda Afrika Kusini kufuata mzigo, nikaambiwa kile kikaratasi si kadi. Nikakasirika sana, nikafikiri ni kutafuta hela.

Kumbe ni kweli. Chanjo duniani haikutosha mwaka ule, wakaamua kugawa: karibu kila mtu mzima akapewa sehemu moja ya tano ya dozi. Ilizuia mlipuko, na kwa hilo nawashukuru, lakini kwa safari za nje dozi hiyo haihesabiki. Lazima dozi kamili. Na Afrika Kusini si watu wa kubembelezwa: Machi 2012 waliwarudisha Wanigeria 125 kwa jambo hilihili la kadi, mpaka serikali mbili zikagombana.

Basi nikaenda hospitali, na kwa umri wangu nikaomba daktari kwanza. Akaniuliza mayai, thaimasi, dawa, kila alichoandika mama nesi hapo juu. Akaniambia kwa kuwa mwili umekwisha kuonja chanjo hiyo 2016, hofu yake ni ndogo, twende.

Sasa niwaeleze kilichonishangaza. Siku ya chanjo tulikaa kwenye benchi watu saba. Umeme umekatika, jenereta ya jirani inanguruma. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, akapita akatuhesabu kwa kidole kama mtu anayehesabu kuku, akarudi ndani. Hakuna kitu. Mzee mmoja wa Kihindi akaanza kulalamika kwamba wageni tunacheleweshwa. Yule mama akatoka na kichupa kidogo mkononi, hakijazidi kidole gumba, akamwonyesha: "Papa, hii ni ya watu kumi. Ni unga. Nikishaweka maji yake, saa sita tu, halafu natupa. Nyinyi ni saba. Tungoje kidogo watu watatu wafike." Hasira zote zikaisha. Tena yule mzee wa Kihindi akatoka nje mwenyewe kutafuta watu, akarudi na wanafunzi wawili waliokuwa wanakwenda kusoma Afrika Kusini! Tisa. Mama akasema basi, tuanze.

Kabla ya kuchanganya akatuonyesha alama kwenye kifuniko: duara la zambarau na ndani yake mraba mweupe. Akasema mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa haijapigwa na joto. Ukilingana rangi na duara, au ukizidi weusi, hakuna kuchoma mtu. Akaandika saa kwenye kichupa kwa peni. Sindano ni juu ya mkono, chini ya ngozi, kidogo tu. Baada ya hapo akatukalisha nusu saa akituangalia nyuso. Siku ya nne nilipata homa ndogo na kuumwa viungo, siku moja, ikaisha.

NesiMstaafu

MrundiKampemba, huyo mama wa miwani ya kamba ningependa kumjua. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Watu mkikuta kichupa kimeshachanganywa, mna haki ya kuuliza kimefunguliwa saa ngapi, na mkionyeshwa alama ya rangi mnaielewa hata bila kusoma. Kwenye mji huu wenye umeme wa kubahatisha, ule mraba ni shahidi wenu. Chanjo inataka nyuzi 2 mpaka 8, wakati wote, tangu kiwandani.

Niongeze kwa wazee waliokwisha kuchomwa: homa ndogo kama yake ni kawaida. Lakini ndani ya siku kama kumi mkiona homa kali isiyoshuka, macho ya njano, damu mahali isipotakiwa, mkojo kukatika, hapo ni hospitali palepale, na mseme kwa mdomo wenu "nilichanjwa homa ya manjano tarehe fulani". Kuchanganyikiwa, shingo kukaza au degedege kunaweza kuchelewa zaidi, hata wiki kadhaa. Msiposema, mtatibiwa malaria siku tatu nzima. Tunajuana.

MamaKamalondo

Mimi swali dogo. Mama yangu ni Mgiriki aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi, ana 78, pasipoti ya Ugiriki. Anaambiwa bila chanjo ya Kovidi na ya mpox hatapita mpaka. Kweli?

NesiMstaafu

Hapana, mama. Kovidi ilianza kuchanjwa Kongo tarehe 19 Aprili 2021 na ilikuwa na mambo yake ya safari, hayo yamepita. Mpox ilianza Goma tarehe 5 Oktoba 2024, na walilengwa walio kwenye hatari kama wahudumu wa afya na waliogusana na wagonjwa. Kadi inayoombwa mpakani ni ya homa ya manjano. Na kama mama ana kadi yake ya zamani kwenye sanduku, itafuteni kabla hamjamfikiria sindano. Hawa wazee wetu wa kigeni wengi walichanjwa zamani, karatasi ndizo zimepotea. Kama alichanjwa mahali panapotunza daftari, nendeni na tarehe ya kukisia, waombeni wafungue daftari la mwaka huo kabla ya kumchoma mtu wa miaka 78.

MamaKamalondo

Sanduku lipo, chini ya sahani za harusi yake. Asante.

MzeeCherehani

Nimerudi na majibu. Niliacha ile hospitali ya mwanzo nikaenda nyingine, nikaomba daktari, si dirisha. Nilingoja sana, lakini nilipoingia niliingia kweli. Daktari, mwanamke kijana, umri wa binti yangu wa mwisho, aliisoma kadi mbele na nyuma, akapima presha, akaniambia nimwage vidonge vyangu vyote mezani avione. Halafu akasema kama mama nesi, karibu neno kwa neno: hii ni ya maisha, usiiguse. Nikamweleza hofu yangu ya mpakani. Akaniandikia barua fupi kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiingereza, kwamba mwenye kadi hii alichanjwa 2009 na kwamba kwa kanuni zilizorekebishwa cheti hakiishi muda. Mhuri wake upo kwenye barua, kadi hakuigusa. Nimeibana pamoja na kadi kwa kipini cha kushonea.

Halafu akaviangalia vidole vyangu. Fundi cherehani mnajua vidole vyetu, sindano imepita huku na huku miaka mingi. Akaniuliza mara ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini. Nikacheka. Pepopunda? Hiyo si ya watoto na wajawazito? Akasema hata mimi, tena mimi kuliko wengi, na kwamba hiyo haina virusi hai, mzee wa umri wowote anapata. Kwa hiyo ndugu zangu, baada ya uzi mrefu wote huu wa kukwepa sindano, nimechomwa sindano! Nyingine baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita hivi. Ya pili nitaikuta nikirudi kutoka Mbeya.

Kuhusu malipo: bei ilikuwa imebandikwa ukutani, moja kwa wote. Uraia waliuliza kwa ajili ya daftari tu, wakataka kuona karatasi ya ukaaji na pasipoti. Risiti nimepewa bila kuomba. Kwa hiyo kwa mimi mgeni sikuona tofauti, ingawa sijui kwingine.

Kijana_Katuba

Papa umenishinda. Ila nashangaa umekaa foleni yote hiyo kwa barua.

MzeeCherehani

Mwanangu, suruali moja huwa naipima mara tatu kabla ya kukata. Foleni ni nini.

Swali langu la mwisho kwa mama nesi: pasipoti niliyokuwa nayo 2009 ilikwisha, hii ya sasa ina namba nyingine. Namba iliyo kwenye kadi ni ya ile ya zamani. Jina ni lilelile, ila kwenye kadi limeanza jina la baba.

NesiMstaafu

Namba ya kitambulisho kwenye kadi ni ya kuonyesha mwenye kadi ni nani siku ile alipochanjwa. Pasipoti ikibadilika huandikiwi kadi mpya. Kama ile ya zamani unayo, ibebe, au nakala ya ukurasa wenye picha. Tarehe ya kuzaliwa ilingane, hilo ndilo wanaloshika. Mpangilio wa majina hautakusumbua. Na angalia sehemu ya saini yako kama uliijaza, wengi huiacha wazi. Ikiwa wazi, tia saini yako, hiyo ni nafasi yako na si marekebisho.

MzeeCherehani

Nimeangalia. Ilikuwa wazi tangu 2009.

Chofa_wa_Tunduma

Papa, tia saini leo, na kalamu ya bleu. Halafu niandikie siku ya safari. Nitakuwa na muzigo upande wa Nakonde ile wiki, na pale foleni ya basi inapita karibu na kamyo zetu.